Mama, Usilete Sabuni Tena

Mtu akikataa pombe nitaelewa. Akikataa nyama, labda ana nadhiri. Lakini mtu mzima yuko mlimani kwenye matope, na anaandika kikaratasi cha kukataa sabuni?

Kikaratasi hicho nilikipokea Jumamosi, getini, kwa mkono wa nesi. Maneno manne.

“Mama, usilete sabuni tena.”

Mwandiko ulikuwa wa mwanangu Aziz. Niliujua, ingawa herufi zilikuwa zimekaza kama za mtu anayeandika huku anasimamiwa.

Nilisimama pale Ibanda na mfuko wangu mkononi, nikajua kuna jambo.

Na kweli lilikuwepo. Nilichokosea ni jambo lenyewe.

Naitwa Mayimuna. Watu wa Bwera wananiita Hajati ingawa Makka sijafika. Ni kwa ajili ya ukali tu. Nina stashahada ya forodha, na mwaka huu ni wa kumi na nane natoa mizigo ya watu mpakani Mpondwe.

Kazi yangu ni makaratasi, lakini macho yangu ni ya magunia.

Nimeona dhahabu ndani ya samaki mkavu. Nimeona vitenge vimezungushwa tumboni mpaka bibi wa miaka sitini akaonekana na mimba ya mapacha. Gunia likinipita mgongoni mwa mtu, nakwambia lina nini. Kahawa inalia. Sukari inanyamaza. Chumvi ya Katwe inamlowesha mbebaji kabla jasho halijamtoka.

Kwa hiyo ukiniambia niamini mtu, nitakuuliza kwanza amebeba nini.

Aziz ni kifungua mimba wangu, miaka ishirini na sita. Alikuwa dereva wa lori la chumvi, Kabatoro mpaka Bwera. Akaanza na vichupa vya waragi, eti vya kukata usingizi barabarani. Baada ya miaka mitatu usingizi ulikuwa umekatika, na kazi pia, na mke wake Jamira amerudi kwao Katunguru na mtoto.

Baba yake ana mke mwingine Butembo. Huyo tumwache huko huko.

Mwezi wa pili mwaka huu nilimkuta Aziz sakafuni, macho ya njano kama papai. Nikampeleka Kasese. Daktari alimkausha pombe wodini siku kumi, kisha akaniita pembeni.

“Hajati, nisikufiche. Ini hili halina msimu mwingine. Akirudi kwenye chupa, tutaonana mazishini.”

Hilo ndilo nililokuwa nalo kichwani katika yote nitakayosimulia. Ukiniona mjinga huko mbele, kumbuka hilo ini.

Daktari huyo huyo ndiye aliyenitajia Nobert.

Nobert aliwahi kuwa mwongoza watalii, wale wanaopanda Rwenzori mpaka kwenye theluji. Naye alikuwa mlevi. Akaacha, akaanzisha kambi juu ya Ibanda kwa watu wa namna yake. Siku sitini. Mnatembea mlimani kila siku, mnabeba mizigo, mnavuka mito, jioni mnakaa duara na kuongea. Yuko nesi, na mshauri kutoka Kasese anapanda mara mbili kwa wiki. Watu wanaiita Shule ya Mlima.

Nikauliza ada. Ilikuwa ndogo mno.

Hapo hapo nikaanza kushuku. Kitu cha bei ya chini mpakani huwa kimeibwa au kimeoza.

Tulifika asubuhi. Nobert alikuwa mfupi, miundi kama mchi wa kutwangia, gambuti miguuni.

“Wabukire, mama,” akasalimu kwa Lhukonzo.

“Salama. Mwanangu atalala wapi?”

“Pale kwa mabati. Lakini simu inabaki hapa. Na siku thelathini ya kwanza, hapana kuona familia.”

“Thelathini? Hata gerezani tunaenda Jumapili.”

“Hapa si gereza, mama.”

“Gereza lina kibali. Wewe unacho?”

Akacheka, akaingia ndani, akaleta kibali. Nikakisoma chote. Nikakiinua kwenye mwanga kutafuta kasoro. Muhuri sawa, tarehe sawa, sahihi sawa.

Hilo nalo likanitia wasiwasi. Karatasi za mtu safi huwa na kosa moja mbili.

Aziz alikuwa amesimama pembeni na begi lake, anatazama vidole vya miguu. “Mama, inatosha,” akasema.

“Nyamaza wewe.”

Wakati natafuta bodaboda ya kushuka, nikawaona wanatoka. Watu kumi na wawili, wanaume kwa wanawake, kila mmoja na gunia mgongoni. Kamba ya gunia imepita kwenye paji la uso, kama wabebaji wa mlimani wanavyofanya. Magunia yameshonwa mdomo kwa uzi wa katani.

Wakanipita mita tatu.

Gunia halikulia kama kahawa. Halikuwa laini kama sukari. Lilikaa zito, chini, limemshika mbebaji kiunoni.

Saa tisa, kwenye kibanda cha chai cha Ibanda nilikobaki kuvizia, nikawaona wanashuka. Magunia matupu, yamekunjwa kwapani.

Fikiria na mimi. Ni mzigo gani mzito unapanda mlima ukiwa umeshonwa, mlima ambao upande wa pili ni Kongo, na wabebaji ni walevi ambao hakuna mtu atakayeamini wakisema?

Nilirudi Bwera nikasimulia.

Dada yangu Salmah akaniambia, “Mayimuna, wewe hata ukifika peponi utamwambia malaika afungue begi.”

“Na akikataa kufungua?”

“Ndio maana nasema.”

Sikulala vizuri wiki hiyo. Na mtu wa kazi yangu asipolala, anabuni.

Jumamosi ndiyo siku ya kupeleka vitu getini. Sukari, chumvi, mandazi, sabuni. Nikanunua mche wa sabuni ya bluu na kisimu kidogo, kile kinachozidi kidole gumba kwa kiasi tu.

Miaka mingi nyuma nilikamata dhahabu ndani ya mche wa sabuni. Kazi nzuri kabisa, mshono huuoni. Niliita askari huku moyoni nampa yule mtu heko. Sasa nikaketi jikoni kwangu na uzi, kisu na kijiko, mwanamke wa stashahada, nikafanya kama yeye. Kisimu nikakifunga kwenye nailoni pamoja na kikaratasi. “Washa saa moja jioni. Zima ukimaliza. Mama.”

Getini alikuwa yule nesi, Sylivia, msichana mwembamba mwenye sauti ya upole. Alikuwa na kijiti cha mwanzi. Akakichomeka kwenye sukari. Akavunja mandazi mawili. Akashika sabuni, akaigeuza, akaipitishia kidole ubavuni.

Kidole kikasimama kidogo.

Akanitazama usoni. Mimi nikamtazama vilevile, mtandio wangu umekaa, tasbihi mkononi.

“Asante, Hajati,” akasema, akaiweka kapuni.

Nikashuka kilima nikimdharau. Hivi ndivyo wanavyolinda watu, nikasema. Chochote kinapita hapa.

Saa moja na dakika tano simu yangu ikalia.

“Mama.” Ananong’ona. “Mama, umefanya nini?”

“Umekula?”

“Nimekula. Mama, simu ni marufuku hapa.”

“Wanawapiga?”

“Hapana.”

“Kwenye magunia mnabeba nini?”

“Udongo.”

“Udongo gani unapanda mlima, Aziz? Udongo unashuka.”

“Ndio, ulishuka. Mvua ya mwaka jana iliangusha mashamba ya watu huku juu. Tunaurudisha kwenye matuta. Wenye mashamba wanatupa chakula.”

“Hayo wamekufundisha kusema.”

“Mama, nauchota mimi mwenyewe na sepetu.”

“Unachota wewe. Anayeshona nani?”

Akasema, “Nobert.”

“Umeona.”

Nataka mnielewe. Kila alichosema kilikuwa na maana. Lakini nimesikia maelezo yenye maana kila siku ya kazi yangu. Mwenye mzigo mbaya ndiye mwenye maelezo mazuri.

Akaniambia kitu kingine. Kila asubuhi, kabla ya kupanda, wanasimama duara. Kila mmoja anafungua begi lake mbele ya wenzake na kusema alichobeba, cha mkononi na cha moyoni. “Nimebeba maji na viazi. Nimebeba hasira ya kaka yangu.” Hakuna kupanda na kitu ambacho wenzako hawajakiona, kwa sababu juu kule mnashikana mikono kwenye miamba.

“Kesho nitasema nini, Mama?”

“Utasema huna kitu.”

“Nidanganye?”

“Ufiche. Kuficha si kudanganya.”

Mimi nilisema hayo. Mimi, ambaye kila siku naambia wafanyabiashara kwamba forodha haijui tofauti ya hayo mawili.

Siku tano zilizofuata tuliongea hivyo. Kila jioni saa moja. Nauliza, wamekwenda wapi leo, nani kashona, kuna mgeni, gunia gani lilibaki. Anajibu kwa kifupi, kila siku kifupi zaidi. Siku ya tano akasema ndiyo na hapana tu.

Siku ya sita simu haikuwaka.

Siku ya saba ilikuwa Jumamosi, nikapanda Ibanda na mfuko. Ndipo Sylivia akanipa kile kikaratasi.

“Nani aliyemwambia aandike?” nikamuuliza.

“Ameandika mwenyewe, Hajati.”

“Niitie.”

“Siku thelathini haijafika.”

“Yuko mzima?”

“Iko mzima. Anatembea vizuri.”

Alijibu haraka mno. Nikaweka mfuko chini na sabuni yangu ya pili ndani yake, ya kawaida kabisa hiyo, wallahi. Kisha nikauinua tena na kuondoka nao.

Simu imenyamaza. Mtoto anakataa sabuni kwa maandishi ya kukaza. Nikajumlisha. Wamegundua, wamemnyang’anya, wamemlazimisha kuandika. Ameona kilicho kwenye magunia.

Jumatatu alfajiri nilikuwa mlangoni kwa afande mmoja tuliyezoeana naye kwa kazi za mpakani. Jina lake nalihifadhi.

“Hajati, una ushahidi?”

“Nina macho.”

“Macho si ushahidi.”

“Nani alikuonyesha zile pembe za ndovu kwenye lori la mkaa? Au nyota hiyo begani ilianguka yenyewe?”

Akavaa buti. Akapiga simu kituo cha upande ule asije akaingia shamba la wenyewe, tukaondoka.

Njia nzima niliomba dua moja tu. Nimkute ana pumzi.

Tulipofika, kambi ilikuwa tupu. Ukutani yameegemea magunia manne yaliyoshonwa. Mpishi peke yake yuko jikoni, na alipoona sare akashika mdomo.

“Wako wapi?” afande akauliza.

“Wanashuka. Kuna mutu ameanguka.”

Sikusubiri kuuliza nani.

Nikakimbia juu kwa ile njia ya matope. Viatu vikabaki, mtandio ukashuka mabegani. Nikaiona machela ya mianzi inakuja, watu sita wameibeba, juu yake mtu amefunikwa blanketi mpaka kidevuni. Gambuti nyeusi zinatokeza mwishoni. Gambuti za saizi ya mwanangu, nilizonunua mimi.

Sikupiga kelele. Nilisema tu, “Ini lake,” kama mwendawazimu.

“Mama, toka njiani.”

Sauti ilitoka mbele ya machela. Mtu aliyeshika mti wa mbele, matope mpaka nyusi, kamba kwenye paji la uso, miguu pekupeku.

Alikuwa Aziz.

“Toka njiani,” akarudia. “Ana mguu umevunjika.”

Nikatoka njiani.

Aliyelala alikuwa Semu, fundi wa baiskeli kutoka Kasese, mwenzake wa chumba kimoja. Alinuka waragi kutoka hatua kumi. Gambuti alizovaa, Aziz ndiye aliyempa asubuhi, maana za Semu mwenyewe zilikuwa zimepasuka.

Wakamshusha, wakamweka kwenye gari la afande, Sylivia akapanda naye na bandeji zake, dereva akaelekea hospitali. Angalau ushuku wangu ulileta gari.

Afande akabaki nasi. Akakumbuka kilichomleta.

“Fungua gunia,” akamwambia Nobert. “Yote.”

Nobert hakuuliza kwa nini. Akatoa kisu, akakata uzi. Afande akaingiza mkono mpaka kiwiko. Akatoa udongo. Gunia la pili, udongo. La tatu, udongo na mnyoo mmoja mnene.

“Kwa nini unashona?” nikauliza.

“Njia imeinama, mama. Mutu akiteleza, udongo yote inarudi kwa mto. Anakuwa amebeba bure.”

La nne afande hakufungua. Akajifuta mkono kwenye suruali, akanitazama namna ambayo sitaisahau.

“Sasa mimi pia nina kitu ya kuonyesha,” Nobert akasema.

Akatoa mfukoni nusu ya mche wa sabuni ya bluu. Imechimbwa katikati. Ndani ya shimo, kisimu changu.

Hadithi yake ilikuwa fupi. Kisimu kilikuwa chini ya godoro la Aziz, bado ndani ya sabuni. Ijumaa, Semu alikikuta. Akampigia mtu wake, akaelewana naye amwachie vichupa chini ya daraja la miti, pale wanapovuka mto kila asubuhi. Jumatatu hii alivinywa vyote ukingoni mwa msitu, na juu kwenye mwamba, walipopaswa kushikana mikono, mkono wake haukushika. Akaporomoka bondeni mita nane. Walimkuta na simu kwenye soksi na nusu ya sabuni mfukoni.

Aziz ndiye aliyeshuka kumfuata. Kwa muda wa saa tatu walikuwa njiani na machela.

“Semu alisema ametoa chini ya godoro ya Aziz,” Nobert akasema. “Aziz, nani alileta hii simu?”

Watu kumi walikuwa wamekaa kwenye magogo. Afande anasikiliza. Mimi nimesimama na matope mpaka magoti.

Aziz hakunitazama.

“Ni yangu,” akasema. “Niliingia nayo siku ya kwanza.”

“Siku ya kwanza nilikupekua mimi.”

“Basi hukuona.”

“Unajua sheria.”

“Najua. Aliyeleta anaenda nyumbani leo.”

Akainama kutafuta begi lake.

Nyumbani. Bwera, ile gereji nyuma ya nyumba yetu, na wale wenzake wanaokaa kwenye matairi kuanzia saa nne asubuhi. Ningemlinda siku mbili, tatu. Kisha ningeenda kazini.

Miaka kumi na minane nimewatazama watu wamesimama mbele ya mzigo uliofunguliwa. Wote wanasema neno moja. Si wangu. Wanasema hata jina lao likiwa limeandikwa juu yake. Niliwadharau kwa hilo, na sasa neno lilikuwa tayari kwenye ulimi wangu, tamu, na hakuna aliyeniuliza.

Nilichohitaji kufanya ni kunyamaza tu.

“Ni mimi,” nikasema.

Afande akageuka. “Hajati?”

“Niliikata sabuni jikoni kwangu kwa uzi. Nikaiunga kwa kisu cha moto. Yeye aliniambia simu ni marufuku, mimi nikamwambia afiche. Yule kijana amevunjika mguu kwa mkono wangu.”

Mwanamke mmoja kwenye magogo, Mackline, mwalimu wa zamani, akacheka kidogo puani.

“Na ulikuja na polisi,” akasema.

“Nilikuja na polisi.”

“Kumbe wangekukamata wewe.”

Hata afande alicheka. Mimi sikuweza.

Pale uamuzi si wa Nobert peke yake, ni wa duara. Waliongea kama nusu saa mbele yangu, kwa uwazi ambao sijauona kwenye ofisi yoyote. Wengine walisema Aziz aende. Alisimama kila asubuhi akasema hana kitu, na walimshika mkono. Wengine walisema ameshuka bondeni kwa ajili ya Semu.

Mwishowe wakakubaliana. Aziz abaki, lakini siku zake zifutwe. Aanze siku ya kwanza.

“Na mama?” Mackline akauliza.

Nobert akanitazama miguu. Akaenda kwenye lile gunia la nne ambalo afande hakufungua.

“Hii iko ya shamba ya mama Alisi, karibu tu. Saa mbili kupanda.”

Nilikuwa na miaka arobaini na tisa na presha. Nikasema basi lipunguzwe, wakalipunguza nusu. Wakanifunga kamba kwenye paji la uso. Wakanipa gambuti za mtu. Aziz akaambiwa atembee nyuma yangu, azuie nikiteleza.

Afande akapanda bodaboda akarudi Bwera na hadithi ya mwaka mzima.

Nusu saa ya kwanza pumzi zilikuwa haba. Kamba ikikushika kichwa huwezi kugeuka kumtazama mtu. Unaona visigino na mawe tu. Labda ndio maana wanabeba hivyo.

“Mbona uliandika sabuni?” nikauliza mwishowe. “Ungesema nikuache.”

“Nesi anasoma barua zote. Ningeandika simu?”

“Niliogopa wamekulazimisha.”

“Nilikuwa nakuogopa wewe.”

Nikasimama. Akanisukuma gunia kidogo kwa nyuma. Tembea, Mama.

“Kila jioni ulipiga hesabu za magunia,” akasema. “Nani kashona, nani kabaki. Siku tano. Hukuuliza nimelalaje.”

Nimesoma, nina cheti kimetundikwa ukutani, na nilifundishwa kuuliza kwenye njia ya mbuzi.

Tulipanda kwa muda mrefu. Chini, mto Mubuku ulikuwa unavuma.

“Ulilalaje?” nikauliza.

“Vizuri,” akasema. “Tangu wiki ya pili, vizuri kabisa.”

Shambani kwa mama Alisi tulimwaga udongo kwenye tuta. Lilikuwa rundo dogo, lisingejaza beseni mbili. Yule bibi akalisawazisha kwa jembe, akanipa muhogo wa kuchemsha, akasema kwa Kiswahili chake, “Imefika yote.” Hakuna aliyewahi kunisifu hivyo kwa mzigo.

Semu alikaa na plasta miezi miwili. Nilikwenda kumwomba msamaha Kasese. Akasema, “Hajati, ile sabuni uliiunga namna gani?” Sikumwambia. Ameshatupa magongo sasa, na mwezi uliopita alirudi kambini kuanza upya.

Aziz alimaliza siku sitini, ukitoa zile zilizofutwa. Leo ana miezi saba. Jamira bado yuko Katunguru, lakini Jumapili anamruhusu kumwona mtoto. Ini, daktari anasema tusubiri. Sisemi amepona. Nasema analala vizuri.

Limebaki moja.

Siku ile nilipokuwa nashuka na kichwa kinauma, Sylivia alikuwa amerudi kutoka hospitali. Nikamwambia ukweli kuhusu getini, kwamba nilimdharau kwa kutoona.

“Niliona,” akasema.

“Uliona nini?”

“Mshono. Kidole ilipita juu yake.”

“Sasa mbona ulinipitisha?”

Akainamisha kichwa. “Nikasema, huyu ni Hajati. Hawezi.”

Nimetukanwa na madereva wa malori kwa lugha nne. Hakuna tusi lililoniingia kama hilo.

Nobert alikuwa anasikiliza. Wiki iliyofuata akanipigia simu. Akasema anatafuta mtu wa kukagua vitu getini siku za Jumamosi. Mtu asiyeona haya, na anayejua njia zote.

Kwa hiyo siku hizi, Jumamosi, utanikuta Ibanda na kijiti cha mwanzi. Kitu cha kwanza nafungua mfuko wangu mwenyewe mbele ya wote waliopanga foleni. Nasema nimebeba nini, cha mkononi na cha moyoni. Wengine wanadhani nimerukwa na akili. Ndipo nawafungulia ya kwao.

Fundisho langu ni hilo tu. Kama unampenda mtu na unashuku walimwengu wote walio karibu naye, anza kupekua mfuko unaoingia nao wewe.

Juzi alikuja mama mmoja kutoka Kasese, amevaa vizuri, karatasi zake zote sawa. Nikatoa uzi, nikakata sabuni yake vipande vinne.

Akakasirika. “Mimi nimeonekana mtu wa kuficha vitu kwenye sabuni?”

“Hapana, mama,” nikamwambia. “Umeonekana kama mimi.”